Mwanafunzi, majibu ya ile damu yako wapi?

Mpenzi msomaji, huenda nyumbani kwako yuko kijana anayesomea chuo kikuu yale masomo ambayo sisi wazee huyatamka kwa shida: biolojia ya seli na molekuli. Ukimuuliza anasoma nini hasa, atakwambia anachunguza vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ukimuuliza ataajiriwa wapi, atakohoa kidogo na kubadilisha mazungumzo. Halafu siku moja, akiwa ameanza shahada ya uzamili, anakujia na karatasi ya hesabu: nauli ya basi, sindano, vichupa, barafu, malazi ya wiki mbili. Anakwenda Garsen. "Garsen kufanya nini?" unamaka. "Kutega mbu na kutoa damu ya mbuzi," anajibu bila haya.

Wazazi wengi hapo hushika kichwa. Karo yote hiyo, kumbe mtoto anasomea mbu! Mimi ni mjomba wa msichana mmoja wa namna hiyo, na kwa kuwa nilizaliwa kando ya Mto Tana, familia iliamua kwamba ni mimi nitakayemsindikiza. Yale niliyoyaona huko ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Ninataka kuzungumza na wewe unayelipa, na wewe pia unayelipiwa, juu ya jambo moja tu: mradi wa utafiti haumaliziki siku kitabu kinapotiwa jalada gumu na kupelekwa maktaba. Unamalizika siku majibu yanapomfikia mwenye mbuzi.

Lakini kwanza, kwa nini Garsen?

Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, kiasi cha kilomita 1,000. Unatoka kwenye milima ya kati ya nchi, unapita Garissa, Hola na Garsen, kisha unamwagika katika Bahari Hindi upande wa Kipini. Huku chini ardhi imelala kama mkeka. Mvua kubwa inyeshapo milimani, sisi wa chini tunaweza kuamka na maji mlangoni hali mbingu zetu ni kavu. Wapokomo hulima mpunga, ndizi na maembe kandokando ya mto. Waorma na Wawardei huleta mifugo yao kwenye majani ya delta wakati wa kiangazi. Maji hayo ndiyo uhai wetu, lakini ndiyo pia kitanda cha mbu.

Hapo ndipo inapoingia homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya mwaka 1931, na watafiti Daubney, Hudson na Garnham, baada ya kondoo kufa kwa wingi karibu na Ziwa Naivasha. Virusi vyake huenezwa na mbu. Mbu wengine wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde madogo yanayojaa maji wakati wa mvua. Mayai hayo hukaa katika ardhi kavu kwa miaka, yakingoja mafuriko. Ajabu ni kwamba mama mbu anaweza kuvirithisha virusi kupitia mayai yake, jambo ambalo watafiti walilithibitisha humu nchini katika miaka ya 1980. Kwa hiyo mvua kubwa ikija, mbu wanaweza kuzaliwa na ugonjwa tayari mwilini. Wanauma mbuzi, kondoo na ng'ombe. Wanyama wenye mimba wanaitupa karibu wote, na wana-kondoo wachanga wanakufa kama majani. Binadamu naye huambukizwa kwa kuumwa na mbu, na zaidi kwa kushika damu, kuchinja au kumsaidia mnyama anayetupa mimba.

Wengi wanaoambukizwa hupata homa ya kawaida na kupona. Wachache hutokwa na damu na kufa, au macho yao huharibika. Mvua za mwishoni mwa 2006 zilipokuja, ugonjwa uligunduliwa mwezi wa Desemba kwa wagonjwa wa Garissa, kisha ukaenea hadi wilaya kadhaa, Tana River ikiwemo. Kufikia Machi 2007 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa 684 nchini Kenya, na kati yao 155 walifariki. Marufuku ya kuchinja na kuuza mifugo iliwekwa, na Iddi kubwa mwaka huo iliangukia mwisho wa Desemba. Hebu fikiria mfugaji ambaye benki yake ni zizi, na zizi hilo limefungwa wiki ile ile ambayo mjini kila mtu anatafuta mnyama wa kuchinja.

Na hapa kuna jambo la kuzingatia sana. Wafugaji walikuwa wamekwisha kuona dalili kabla ya maabara. Wasomali wa kaskazini mashariki wana jina lao la ugonjwa huu, sandik, yaani kutokwa na damu puani. Waliona mbu wengi kupita kiasi, wakaona mimba zikitupwa zizi zima, wakajua. Serikali ilipofika, wiki kadhaa zilikuwa zimepita.

Sasa turudi kwa kijana wako na vichupa vyake. Anafanya nini hasa?

Jioni anatundika mtego wa taa, na kando yake anaweka barafu kavu. Barafu hiyo inapoyeyuka hutoa kaboni dayoksaidi, hewa ile ile tunayoitoa puani, na mbu hudhani amekaribia ng'ombe. Asubuhi mbu wanagandishwa, wanachambuliwa mmoja mmoja kwa darubini na kutengwa kwa aina. Kisha wanawekwa katika mafungu, kila fungu kama mbu 25 wa aina moja, na kutiwa katika mtungi wa naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Baridi hiyo si anasa. Virusi hivi hubeba jeni zake katika RNA, na RNA huoza upesi kuliko samaki wa Kipini aliyesahauliwa juani.

Maabara, mafungu yanasagwa na kuchunguzwa. Zipo seli za kukuzia virusi ambazo asili yake ni figo ya tumbili wa Afrika. Zilianzishwa Japani mwaka 1962, na mpaka leo zinaendelea kuzaana katika chupa duniani kote. Kirusi kikiwemo, seli zinakufa na kuacha mapengo. Kazi hiyo hufanywa katika maabara zenye ulinzi mkali tu. Mara nyingi mwanafunzi hutumia njia nyingine, ile ya PCR iliyobuniwa na Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983 na kumpatia Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1993. Jina hilo wengi tulilizoea wakati wa Korona. RNA hugeuzwa kuwa DNA, kisha mashine inanakili kipande kimoja mara mbili, mbili nne, nne nane. Ukirudia mara 30, kipande kimoja kinakuwa zaidi ya bilioni moja. Hivyo ndivyo kitu kisichoonekana kinavyolazimishwa kujitokeza.

Ni kazi ya subira, wala usidhani ni mchezo. Katika mlipuko ule wa 2006 na 2007, watafiti wakiongozwa na Rosemary Sang wa KEMRI walikusanya mbu wapatao 297,000 katika wilaya nne. Walipima mafungu 3,003. Yaliyokutwa na virusi yalikuwa 77, ya mbu wa aina 10. Mafungu 77 tu! Lakini hayo ndiyo yaliyotuonyesha ni mbu gani hasa wanaoeneza ugonjwa huku kwetu, nasi hatungejua kwa kubahatisha.

Jeni nazo husema yale ambayo dalili haziwezi kusema. Katika mlipuko wa 1997 na 1998, miongoni mwa wagonjwa waliotokwa na damu Kenya na Somalia, baadhi walikuwa na kirusi tofauti kabisa. Mwanzoni kiliitwa kirusi cha Garissa. Baadaye ilijulikana ni kirusi cha Ngari, ambacho jeni zake ni mchanganyiko wa virusi viwili vingine. Daktari aliye kando ya kitanda asingeweza kuvitofautisha. Tena, jeni za virusi vya homa ya Bonde la Ufa vya 2006 na 2007 ziliposomwa, zilionekana koo kadhaa zikizunguka kwa wakati mmoja, dalili kwamba moto ule haukuwashwa na cheche moja.

Basi, mpenzi msomaji, mtoto anayesomea mbu hapotezi karo yako. Hilo limekwisha.

Linalobaki ni lile lililotupata katika boma moja nje ya Garsen. Mpwa wangu alikuwa amekamilisha kila kitu: barua ya chuo, idhini ya kamati ya maadili, kibali cha NACOSTI, salamu kwa chifu. Mwenye boma, mzee wa Kiorma mwenye ndevu nyeupe, alitupokea kwa maziwa na kusikiliza maelezo yote. Mbuzi walikwisha kushikwa. Ndipo aliposema kwa upole:

"Binti yangu, damu nitakupa. Lakini mwaka wa mvua ile walikuja wengine kama ninyi. Walichukua damu ya mbuzi wangu, wakachukua na yangu mimi. Ile damu ilisema nini?"

Kimya. Hawakuwa watu wa chuo chake, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua walikuwa akina nani. Mpwa wangu aliweka sindano chini. "Mzee," akasema, "hiyo ya kwanza siwezi kuijibu. Hii ya leo nitakuletea jibu lake mimi mwenyewe." Akachukua daftari na kuandika kila mbuzi kama mzee alivyomtambua: yule mwenye baka usoni, yule wa pembe moja, yule aliyezaa pacha. Kando yake akaandika namba ya kichupa. Wenzake walikuwa na namba tu. Yeye alikuwa na namba na mbuzi.

Si rahisi kutimiza ahadi kama hiyo, na sitaki kukudanganya. Fedha za mradi kwa kawaida huishia maabara. Msimamizi anataka kitabu. Mtahini anataka kitabu. Hakuna anayetoa alama kwa safari ya kurudi Garsen. Isitoshe, majibu yenyewe yanaweza kuleta madhara yakipelekwa ovyo. Ukisimama sokoni na kutangaza kwamba mbuzi wa fulani wamekutwa na homa ya Bonde la Ufa, umeua bei ya mifugo ya eneo zima kabla ya jua kutua. Mzee yule alilijua hilo kuliko sisi.

Kwa hiyo ni lazima mwanafunzi aelewe jibu lake kabla ya kulitoa. Damu ya mbuzi hupimwa kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda dhidi ya ugonjwa. Wako wa aina mbili. Aina ya kwanza huonekana muda mfupi baada ya maambukizi na kutoweka baada ya wiki au miezi kadhaa. Hao wakionekana, ugonjwa ulipita juzijuzi, na daktari wa mifugo wa serikali lazima ajulishwe mara moja, kwani ni yeye mwenye mamlaka ya kuchukua hatua. Aina ya pili hukaa kwa miaka. Mbuzi mwenye hao peke yao aliugua zamani au alichanjwa, akapona, na sasa ana kinga. Si hatari kwa mtu. Mbuzi huyo mtu angeweza kumuuza kwa hofu, kumbe ndiye imara zaidi zizini!

Lakini sikiliza tena. Mbuzi wa miaka miwili, ambaye hakuchanjwa, naye hakuwepo wakati wa mlipuko wowote uliojulikana, akikutwa na askari hao, basi virusi vinapita kimyakimya hata miaka ambayo redio haitangazi chochote. Hilo ni neno zito kwa mtu anayeishi kwa maziwa na nyama, naye anastahili kuambiwa.

Mpwa wangu alirudi miezi minane baadaye, kabla ya mvua za vuli. Kwanza alimwona afisa wa mifugo na kumkabidhi matokeo yote. Kisha tukaenda bomani na karatasi moja tu, ya Kiswahili, na kijana wa pale akatufasiria kwa Kiorma. Mbuzi wengi hawakuwa na alama yoyote. Wachache walikuwa na zile za zamani, akiwemo yule wa pembe moja. Mzee aliuliza maswali ya mtu anayejua kazi yake. Je, maziwa yanywewe? Yachemshwe kwanza. Je, mimba ikitupwa? Usiishike kwa mkono mtupu, vaa glavu au hata mfuko wa plastiki, na umwarifu afisa siku hiyo hiyo. Je, soko litafungwa? La, kwa majibu haya hakuna sababu.

Alipomaliza aliinuka, akachukua fimbo yake na kumwambia mpwa wangu amfuate. Tulitembea kiasi cha nusu saa hadi kwenye bonde kavu lenye nyasi fupi. "Maji huanza kusimama hapa," akasema, "na mbu huanzia hapa. Wale wa kwanza hawakuniuliza." Bonde lile halikuwa kwenye ramani ya mitego. Msichana alilitia alama papo hapo, na nadhani utafiti wake ujao umezaliwa mahali pale.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mara nyingi katika Tana imekuwa mgeni njoo, mwenyeji angoje. Wala si damu ya mifugo pekee. Misitu ya kando ya mto huu ina mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana mwenye kishungi, wanyama ambao hawapatikani porini mahali pengine popote duniani. Katika miaka ya 1970 wanafunzi wa uzamivu kutoka ng'ambo waliishi humo wakiwachunguza, na baadaye watafiti walikusanya hata kinyesi chao, kwa kuwa ndani yake mna seli za utumbo zenye DNA. Ni elimu nzuri, tena inahitajika. Hifadhi ya wanyama hao ilitangazwa mwaka 1976. Mwaka 2007 Mahakama Kuu iliamua kwamba haikuanzishwa kwa kufuata sheria, baada ya wenyeji kulalamika kwamba hawakushauriwa. Miaka thelathini na moja ya kazi, na mlango wa kwanza ulikuwa haujabishwa hodi.

Basi nishauri nini? Wewe mzazi, kijana wako akikuletea karatasi ya hesabu, usikate fungu la mbu. Tafuta nauli ya kurudi. Kama haimo, mwulize kwa nini, na umwongezee hata kama ni kwa kujibana. Wewe mwanafunzi, andika jina la mbuzi kando ya namba ya kichupa. Tengeneza ukurasa mmoja wa majibu katika lugha ambayo mwenyeji anaielewa; kama huwezi kueleza kazi yako katika ukurasa mmoja wa Kiswahili, rudi ukaisome upya. Pitia kwa afisa wa mifugo au wa afya kabla ya kufika bomani. Na kama huna majibu kwa sababu sampuli ziliharibika njiani, nenda ukaseme hivyo hivyo. Mfugaji amewahi kupoteza ng'ombe njiani, ataelewa. Asichoelewa ni kimya.

Nanyi walimu wa vyuo, mnaowafundisha watoto wetu kusoma herufi kama 12,000 za jeni za kirusi kimoja, tunawashukuru. Tunawaomba muongeze swali moja katika mtihani wa mwisho: nani amepata majibu haya, na lini?

Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilifurika tena Garsen na vijiji vyake, na zitakuja nyingine, kwa sababu mto haujaacha kuwa mto. Siku hiyo ikifika, mtu wa kwanza kuona mimba zikitupwa hatakuwa daktari wa Nairobi. Atakuwa mzee au mtoto mchungaji katika boma la mbali. Kama tulimrudishia majibu yake, atapiga simu siku ile ile. Kama tulinyamaza, naye atanyamaza, na hapo sote tutalipa. Dawa ya deni ni kulipa, na deni la damu halilipwi na maktaba.